Kinanda Kisicholia

Muuzaji alikuwa na kucha ndefu za zambarau, na kila alipogonga kioo cha kabati kwa kucha hizo, Mama Povu alihisi anagongwa yeye.

"Hii hapa, mama. Hii inashika simu bila waya."

Mama Povu aliipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa watu ambebe. Ilikuwa nyepesi mno kwa bei yake. Akailaza juu ya kioo, akapangusa kidole kwenye gauni, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza cheusi. Kimya vilevile.

"Hii imekufa," akasema.

"Haijafa. Haina sauti."

"Kinanda hakina sauti?"

"Hii ni kibodi ya midi, mama. Yenyewe inatuma habari tu. Inaiambia simu, kimebonyezwa hiki, tena kimebonyezwa kwa nguvu hivi. Sauti inatoka kwenye simu."

"Kwa hiyo nanunua mmbea."

Muuzaji hakutaka kucheka, lakini alicheka. "Mmbea asiye na mdomo, ndiyo."

Nyuma yao kijana mmoja aliyening'iniza hedfoni shingoni kama daktari na kipimo chake alimnong'oneza mwenzake kwamba mama anatoa albamu. Alinong'ona kwa sauti ya kusikika, maana mnong'ono wa namna ile haunogi usiposikika. Mama Povu alimsikia, akamwacha. Mikono yake ilikuwa imechujuka kwa sabuni mpaka ncha za vidole zimekunjamana kama zabibu kavu. Alikuwa dobi, mtaa mzima ulivaa nguo zilizopita mikononi mwake, na kama angejibu kila aliyemcheka asingefua hata soksi.

Kinanda alikuwa anamnunulia mume wake. Mtaani walimwita Maestro, na wakati alipokuwa mzima alitunga nyimbo fupi za matangazo ya redio, zile unazozichukia asubuhi na mchana ukajikuta unaziimba mwenyewe. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia. Kinanda chake kikubwa kiliuzwa akiwa hospitali, bila yeye kuulizwa, kwa sababu aliyekuwa na haja ya kuulizwa alikuwa hajitambui. Sasa alikuwa amerudi nyumbani na mteja mmoja tu aliyebaki: Bwana Matangazo, mtu wa redio, aliyetaka wimbo wa sabuni ya unga ifikapo Jumamosi. Maestro alijaribu kuutunga kwa kugusa kioo cha simu. Kidole kiliteleza, kikagusa pasipoguswa, na mara ya mwisho alifuta kazi ya siku nzima.

"Kuna hii ya waya," muuzaji akasema, "ni rahisi zaidi, na vibonyezo vyake ni vipana kama vya kinanda cha kweli."

"Tundu la chaji la simu yetu limelegea. Hata kuichaji, mpaka waya ubanwe na kibanio cha nguo."

"Basi bila waya. Hii nyingine ina vibonyezo vingi."

Mama Povu aliiangalia ile nyingine. Vibonyezo vilikuwa vyembamba, vimebanana kama meno ya panya. Akatoa mfukoni kipande cha kamba ya kuanikia chenye mafundo mawili. Toka fundo hadi fundo ilikuwa shubiri ya mkono wa kushoto wa mume wake. Aliipima alfajiri mgonjwa akiwa amelala, maana angemkuta macho angeulizwa kama fundi wa jeneza ameshafika. Akaitandaza juu ya meno ya panya. Shubiri ilifika mbali, lakini kidole cha Maestro kilikuwa kinene. Kingekanyaga viwili kwa mpigo.

"Hapana. Nipe ile ya kwanza."

"Ile ina vibonyezo ishirini na tano tu, mama. Mpigaji wa kweli haitamtosha."

"Mpigaji mwenyewe ana mkono mmoja. Mwenye mkono mmoja utamkodishia shamba la nini?"

Muuzaji akaacha kugonga kioo. Akavuta kiti, na kwa mara ya kwanza akazungumza kama mtu anayezungumza na mtu. Akamweleza kwamba mkono mmoja unatosha: anapiga besi kwanza, simu inaihifadhi, kisha anapiga sauti ya juu, inalala juu ya besi, kisha ngoma, juu ya hizo.

"Mkono uleule?"

"Uleule. Simu haijui mkono wa nani."

Akaiunganisha kibodi na simu ya Maestro, akamvika Mama Povu hedfoni za dukani, kubwa, za waya mrefu kama mpira wa kumwagilia bustani. Mama Povu akabonyeza. Ndii. Sauti ililia palepale, katikati ya kichwa chake, nzito na safi. Akabonyeza tena na machozi yakamlengalenga, akasingizia hedfoni zinabana.

Fedha alizolipia hazikuwa zake. Dada wa Maestro, wifi yake, alizikusanya kwa ndugu ili mgonjwa apelekwe mazoezi ya viungo. Mama Povu alizitoa kwenye bahasha akijua hilo vizuri kabisa. Mazoezi yangeurudisha mkono, kama ungerudi, baada ya miezi isiyojulikana. Sabuni ilitaka wimbo Jumamosi. Alifanya hesabu za dobi: nguo inayovaliwa kesho ndiyo hufuliwa leo.

* * *

"Umeninunulia cha mtoto," Maestro akasema.

Alikuwa ameegemezwa kwa mito kitandani, shavu la kulia limelegea kidogo, na maneno yalitoka polepole kana kwamba kila moja lilipewa nauli kwanza. Lakini macho yalichangamka. Mkono wa kushoto ulikuwa tayari juu ya kibodi, unaipapasa.

"Cha mtoto kina betri ya siku nzima," Mama Povu akajibu. "Na hakina waya wa kukunasa shingoni."

"Kiko wapi kilio chake?"

"Kwenye simu. Chenyewe ni mmbea tu."

Spika ya simu ilikuwa imepasuka zamani, inatoa sauti ya nyuki ndani ya kopo. Kwa hiyo Mama Povu akawasha ile spika ya duara isiyo na waya, ambayo huiweka dirishani akipiga pasi. Kila alasiri iliimba nyimbo zake vizuri, haikuwahi kumkosea. Akaiweka kwenye kiti karibu na kitanda, akafungua programu ya muziki kwenye simu kama alivyofundishwa dukani, akarudi nyuma.

Maestro akabonyeza.

Ndii.

Akatabasamu nusu, maana nusu ndiyo aliyokuwa nayo. Akabonyeza tena, akabonyeza vitatu vinavyofuatana. Kisha akaanza kuhesabu kwa ulimi kama alivyozoea, ta, ta, ta, ta, na kidole kikaingia kwenye hesabu. Sauti haikuingia. Ilikuja nyuma, ikiburuza miguu. Akahesabu upya. Kidole kikaenda, sauti ikafuata kama mtu aliyeachwa na wenzake sokoni. Alipojaribu kuikimbilia, vidole vikajikwaa; alipojaribu kuisubiri, wimbo ukazama.

Akaacha kupiga. Mama Povu alikuwa anamtazama usoni, hakutazama kidole.

"Umesikia?" Maestro akauliza.

"Nimesikia, baba. Nzuri."

"Imechelewa."

"Mimi sijui muziki. Imelia."

"Imechelewa, Mama Povu. Nabonyeza, halafu ndiyo nasikia." Akaurudisha mkono kifuani. "Daktari aliniambia ugonjwa umepiga upande mmoja. Hakuniambia umepita masikioni."

"Labda umechoka."

"Mchovu hupiga vibaya. Mimi sijapiga vibaya. Nimepiga vizuri, na kichwa kimepokea baadaye."

Mtu mwingine akichelewa huomba radhi, akavuta kiti, akakaa. Mpiga muziki aliyeanza kuchelewa hana kiti cha kuvuta. Maestro alikuwa amewafukuza wengi kwenye bendi zake kwa kosa hilo hilo, bila hasira, akiwaambia tu waende wakatafute kazi ya ulinzi. Sasa alijifukuza mwenyewe kwa utaratibu uleule. Akageukia ukuta.

"Kirudishe," akasema. "Fedha za watu hizo."

Mama Povu akazima kibodi, akazima spika, akaenda uani akafua shuka ambalo lilikuwa safi.

* * *

Asubuhi iliyofuata kucha za zambarau zilikuwa zimekuwa nyekundu, lakini kioo kiligongwa vilevile.

"Bidhaa ikishafunguliwa hairudi, mama. Labda iwe mbovu."

"Ni mbovu. Inachelewa."

Muuzaji akaiwasha, akaiunga na simu aliyoletewa, akavaa zile hedfoni za waya, akapiga mapigo ya haraka haraka huku anatafuna ubani wa duka. Akazivua, akampa Mama Povu asikilize mwenyewe. Mama Povu akabonyeza. Ndii. Palepale.

"Unaona? Nzima."

"Mgonjwa wangu anasema inachelewa."

Muuzaji aliangalia pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Alisema alichokiona tu. "Labda mgonjwa ndiye anayechelewa, mama."

Yule kijana wa hedfoni shingoni alikuwepo tena. Watu wa namna ile hawana kwao. Safari hii hakucheka. Mama Povu angependa acheke. Kicheko angekizoea njiani, lakini yale macho ya huruma alitembea nayo mpaka nyumbani, yakimwasha mgongoni.

* * *

Mlangoni alikuta viatu vya wifi yake. Ndani, wifi alikuwa ameketi pembeni mwa kitanda, begi limefunguliwa miguuni, anakunja mashati ya Maestro. Alikuwa mkubwa wao, mwanamke aliyezoea kuamua mambo msibani na harusini, na alikunja mashati kama anayefunga mjadala.

"Shikamoo, wifi," Mama Povu akasema.

"Marahaba. Nimetoka kwa yule mtu wa mazoezi. Ananiambia hajawahi kumwona mgonjwa wangu."

Mama Povu alisimama na kifurushi kwapani.

"Fedha ziko wapi, wifi?"

"Ziko hapa." Akaweka kifurushi mezani, akakifungua, akatoa kibodi.

Wifi aliitazama kwa muda. "Mgonjwa hawezi kushika kijiko, wewe umemnunulia filimbi."

"Ni kinanda."

"Ni kinanda. Basi akipige tusikie."

Maestro alikuwa macho, amekaa wima, amevalishwa shati la kutokea. Hakumtazama mke wake. "Nimekubali kwenda, Mama Povu. Kule kwa dada kuna watu wa kuninyanyua. Wewe una nguo za watu za kufua."

"Na sabuni? Bwana Matangazo anakusubiri mpaka kesho."

"Anamsubiri Maestro. Huyu aliyebaki ni mtu mwingine."

"Mimi si adui yako," wifi akasema, na sauti yake ikashuka. "Nimekuona unavyokonda. Unafua mchana, unageuza mtu mzima usiku. Mtakufa wawili kwa ugonjwa wa mmoja. Niachie ndugu yangu."

Mama Povu angelia mbele ya mtu mwingine yeyote. Mbele ya wifi hakulia, ilikuwa kanuni yake ya ndoa. Badala yake akafanya kitu cha kijinga: akaiwasha kibodi na ile spika ya dirishani, aonyeshe angalau kwamba hakutapeliwa, kwamba fedha za ndugu zimenunua kitu kinacholia. Akabonyeza kwa kidole gumba, kwa hasira, kama anayebana kidudu.

Kidole kikagonga plastiki. Kisha, sauti.

Akabonyeza tena. Tak. Ndii.

Akainamisha kichwa. Alikuwa mtu wa kupiga nguo juu ya jiwe. Mkono wake ulijua tangu utoto kwamba nguo na mlio wake hufika pamoja. Hapa havikufika pamoja. Tak, ndii. Tak, ndii.

"Baba," akasema polepole, "na mimi nimepooza?"

"Usinitanie."

"Sikutanii. Njoo, wifi. Bonyeza wewe."

"Mimi sina muda wa michezo."

"Bonyeza, wifi yangu. Moja tu, kwa heshima ya fedha zenu."

Wifi akainuka kwa kishindo, akabonyeza kwa kidole chenye pete, akangoja. Spika ikamjibu ilipopenda. Akabonyeza tena, akakunja uso kama aliyeonja chumvi kwenye chai.

"Mbona inakuja nyuma?"

"Nyumba nzima tumepooza," Mama Povu akasema. "Baba, dukani haikuwa hivi. Dukani nilivaa vya masikioni vya waya. Tena leo asubuhi nimevaa vilevile, na ililia papo hapo."

Maestro alikuwa amegeuka mzima mzima, upande mmoja ukiuvuta mwingine. Alitazama spika kama mtu anayemtazama rafiki aliyemsengenya. "Spika," akasema. "Hiyo nayo haina waya. Sauti inasafiri kwenda huko kwanza. Wimbo wa watu ukichelewa kuanza, nani anajua? Unaanza tu. Lakini ukipiga mwenyewe..." Akamgeukia dada yake. "Dada, una vya masikioni? Vya waya?"

Wifi alifungua mkoba, akavuruga dawa na risiti, akatoa vya masikioni vyeupe vilivyojiviringa kama utumbo wa kuku. Akaanza kuvifungua mafundo yeye mwenyewe, kimya, kwa subira ambayo Mama Povu hakuwahi kuiona kwake. Waya ukaingia kwenye tundu la duara la simu, lile ambalo halikuwahi kulegea.

Maestro akavaa. Akahesabu kwa ulimi. Akabonyeza.

Wao hawakusikia kitu. Walimwona tu akifumba macho na shingo ikilegea, kama mtu aliyeshushiwa mzigo na wapagazi wasioonekana.

Akapiga besi. Chumbani ilikuwa tak, tak-tak, tak, plastiki tupu, lakini ilikuwa imenyooka kama mshono wa cherehani. Alipoimaliza aliushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaupandisha juu ya vibonyezo, akaungoja. Mkono ukakaa pale pale ulipowekwa. Akaungoja zaidi. Kisha akaurudisha mapajani taratibu, kama mtu anayemshusha paka, akaanza sauti ya juu kwa mkono uliobaki. Wifi alikuwa bado ameshika shati moja. Halikukunjwa wala halikutundikwa.

Simu ndogo ya Mama Povu ikaita mfukoni. Akatoka nayo uani, kati ya kamba za nguo.

"Mama Povu, habari ya mgonjwa?" Alikuwa Bwana Matangazo.

"Anaendelea. Yuko kazini, kaka. Kesho asubuhi unapata wimbo wako."

"Aa, mama. Mbona hamkuniambia? Ile kazi nimempa kijana mmoja, tangu juzi. Ameshaleta, mwenye sabuni amelipa. Ndiyo nilikuwa napiga niwaondoe wasiwasi."

"Ulisema Jumamosi."

"Nilisema. Lakini nilikaa nikafikiri, nikasema, yule ni mgonjwa, namtesa bure. Nilimwonea huruma Maestro, mama. Huruma tu."

"Na kazi nyingine?"

"Akipona. Akipona kabisa, aje tuzungumze."

Mama Povu akashukuru, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Akabaki amesimama katikati ya mashuka ya watu. Shuka moja lilimgusa uso, na akaliacha likae hapo kidogo, bichi na baridi, kabla ya kurudi ndani.

Wifi alimwona mlangoni, akaelewa nusu. Alimsogelea. "Nani?"

"Mtu wa sabuni. Amempa mwingine."

Wote wawili wakamtazama Maestro. Hakuwa amesikia, masikio yake yalikuwa yamejaa. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso na kidole kinene kilishuka na kupanda bila kukanyaga viwili.

"Mwambie," wifi akanong'ona. Kisha akamshika mkono. "Hapana. Ngoja amalize."

Maestro akafungua macho, akamwona mke wake, akampungia. Akatoa kimoja sikioni, akamnyooshea. Waya ulikuwa mfupi. Ilimbidi Mama Povu apande kitandani, aweke kichwa kwenye mto uleule, shavu lake likigusa lile shavu lililolegea.

Wimbo ulikuwa mdogo na mwepesi. Besi ilitembea kama mtu anayerudi nyumbani na kitu mkononi, na juu yake sauti ya pili ilirukaruka, ikichokoza. Kingekuwa kitu cha kuchukiwa asubuhi na kuimbwa mchana na mji mzima.

"Atapenda?" Maestro akauliza.

"Atapenda nini tena," akasema, "kama si hii."

"Bado maneno. Maneno uimbe wewe. Dobi ndiye anayejua sabuni; mimi najua kuvaa tu." Akamsogezea simu karibu na mdomo. "Nikikupa ishara ya kichwa, unaingia."

Mama Povu alitazama dari. Aliyafikiria maneno ya sabuni ambayo hakuna aliyemtaka ayaimbe: povu jingi, maji kidogo, mikono isiyochubuka. Nyuma yake alimsikia wifi akifungua kabati, kisha mlio wa kitundikio cha nguo, kisha mwingine.

Besi ikaanza. Akavuta pumzi, akaimba, sauti imepasuka katikati lakini imetoka.

Maestro akasimamisha. Alimtazama kwa ukali ule wa zamani, wa mtu aliyewahi kufukuza wapigaji wazima.

"Umewahi," akasema. "Ngoja kichwa changu. Tena."

Akangoja kichwa chake. Akaimba tena.